Kilo Hamsini na Sita

Mkuu wa kituo alipotaka jambo liishe haraka alikunja mikono ya shati. Asubuhi hiyo alikuwa ameikunja mpaka juu ya viwiko, na faili la sabuni lilikuwa mezani mbele yake, limekwisha fungwa kamba.

"Linakwenda kwa hakimu mchana huu," alisema. "Nipe sahihi yako hapa chini."

"Sijamaliza, afande," alijibu mpelelezi.

Wenzake walimwita Msumari, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya kwenye vikao, lakini akishazama kwenye kesi hang'oki, na wakubwa kadhaa walishaumia vidole wakijaribu kumng'oa. Yeye mwenyewe jina hilo alilipenda sana.

"Hujamaliza nini?" Mkuu wa kituo aligonga faili kwa kidole. "Mkemia wa kiwanda ametuandikia kila kitu. Mchanganyaji alizidisha kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, kwenye sabuni ya maji. Sabuni ikaenda hospitali, ikawaunguza mikono wanawake wa dobi, na mmoja ikamrukia jichoni, jicho limekufa. Mchanganyaji akisaini kwamba alizembea, atapigwa faini, na Tajiri mwenye kiwanda yuko radhi kuilipa yeye. Akikataa, ni jela. Mimi naona mtu anaonewa huruma hapa. Wewe unaona nini?"

Msumari alifungua kamba bila kuomba ruhusa, akatoa ukurasa wa mkemia wa kiwanda. Ulikuwa umechapwa vizuri, una muhuri. Sabuni ile ilitakiwa kutengenezwa kwa kostiki ya potashi, kilo hamsini na sita kwa sufuria moja. Stoo ilitoa mifuko mitatu, kila mmoja kilo ishirini na tano. Sabuni ilipopimwa baada ya ajali ilikutwa na kostiki iliyozidi kilo 22.4.

"Hamsini na sita, jumlisha ishirini na mbili nukta nne," alisema Msumari.

"Sabini na nane na ushee. Kwani mimi sikusoma?"

"Na mifuko mitatu ni kilo ngapi, afande?"

Mkuu wa kituo aliurudia ukurasa kwa macho.

"Sabini na tano," Msumari alimsaidia. "Hata angeimwaga yote mitatu mpaka vumbi, bado zinapelea kilo tatu na zaidi. Alizitoa wapi? Alikuja nazo kutoka nyumbani kwenye mkoba?"

"Mtu wa stoo alikosea kuhesabu mifuko."

"Basi kama walikosea kuhesabu mifuko mitatu, hizi desimali zao tuziamini vipi?"

"Msumari." Mkuu wa kituo alishusha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi. "Mchana. Ukija mikono mitupu, nasaini mimi, na wewe nakupeleka ukalinde geti la bohari."

"Geti nalo lina kivuli, afande," alisema Msumari, akachukua faili na kutoka.

* * *

Mchanganyaji alikuwa chumba cha mahojiano, ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka. Kiwandani walimwita Mama Sufuria kwa kuwa sufuria kubwa ya chuma ilikuwa yake tangu kiwanda kinaanza, na aliyeigusa bila idhini yake alijuta. Mezani mbele yake palikuwa na karatasi ya kukiri kosa, na kalamu juu yake. Kalamu haikuwa imeguswa.

"Umeletwa na wewe unisainishe?" aliuliza kabla Msumari hajaketi. "Wamekuja wawili tangu jana. Mmoja alinibembeleza, mmoja alinifokea. Wewe utafanya lipi?"

"Mimi nimekuja kuuliza tu. Siku ile ulipima kilo ngapi?"

"Hamsini na sita. Mifuko miwili mizima, na wa tatu nikapima kilo sita kwenye mizani. Iliyobaki niliifunga kamba, nikairudisha stoo."

"Nani alikuona?"

"Mtu wa stoo. Lakini mtu wa stoo ana watoto na anataka mshahara, kwa hiyo leo macho yake hayaoni."

"Hiyo mifuko ilikuwa ya kawaida?"

Mama Sufuria alifikiri. "Ilikuwa myeupe, haina maandishi. Niliuliza. Nikaambiwa ni ya mwuzaji mpya. Ndani vilikuwa vipande vyeupe vilevile vya siku zote. Nikamimina."

"Halafu?"

"Halafu haikukaa sawa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Sabuni ya maji inamiminika, mwanangu. Ile ilipopoa ililala kama uji wa jana. Nikamwita mkemia. Akaja, akaitazama, rangi ikamtoka usoni, akakimbilia ofisini kwa Tajiri. Wakarudi na amri: washa mvuke, ongeza maji. Nikaongeza. Hapo nina lawama yangu na sitaikana. Nilijua haikukaa sawa, na nikaongeza maji. Lakini kostiki sikuzidisha."

"Ukisaini unakwenda nyumbani leo."

"Nyumbani kwa nani?" Mama Sufuria aliisukuma karatasi mpaka ukingoni mwa meza. "Huyo aliyepoteza jicho unamjua ni nani? Ni wifi yangu. Dada wa mume wangu, tumbo moja. Mume wangu hajaniletea hata kanga ya kubadilisha. Mama mkwe amesema nisikanyage pale. Tajiri atalipa faini, sawa. Nikisaini, ni kama nimekwenda mwenyewe kuwaambia kwamba ndiyo, jicho la binti yenu nimelitoboa mimi. Mnipeleke jela. Jela nitatoka. Kwenye karatasi hii sitoki."

Msumari aliichukua kalamu kutoka kwenye karatasi, akaitia mfukoni mwake ili asije mwingine akamsumbua nayo mama wa watu.

* * *

Mkemia wa maabara ya serikali alijulikana kwa jina la Miwani. Alikuwa na jozi mbili: moja machoni, moja kichwani, na mara nyingi alizitafuta zote mbili. Msumari alimkuta anaosha vyupa kwenye sinki lililoingia madoa ya kila rangi. Sampuli ya sabuni, iliyotolewa kwenye pipa la hospitali, ilikuwa imeshafika kwake tangu jana.

"Umeshapima?"

"Nimepima, na samahani, dada, nimepata jibu lilelile la kiwandani. Kostiki imezidi kweli, na imezidi sana."

Msumari aliketi kwenye kiti kirefu cha mbao.

"Nieleze jinsi ulivyopima. Polepole, kama unamweleza mtu aliyekuwa anatoroka kipindi."

"Ulikuwa unatoroka?"

"Kila kilipofika kipindi cha kemia. Sasa eleza. Nikienda kule na karatasi yako bila kuielewa, wataniuliza swali moja tu na nitabaki nimetoa macho."

Miwani alifuta mikono, akachukua chaki na kusimama mbele ya ubao mdogo ukutani. Alikuwa amechukua gramu kumi za sabuni, akaziyeyusha kwenye spiriti na kutia tone la dawa inayogeuka waridi penye kostiki. Kisha akadondosha asidi polepole mpaka waridi likapotea. Zilikwenda mililita ishirini na tano.

"Kostiki na asidi zinauana moja kwa moja," alisema. "Chembe moja kwa chembe moja. Lakini chembe ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu mojamoja, kwa hiyo tunazihesabu kwa mafungu. Fungu moja tunaliita moli. Asidi yangu ina moli sehemu ya kumi katika kila lita. Mililita ishirini na tano zina moli ngapi?"

"Ishirini na tano mara sehemu ya kumi. Mbili na nusu."

"Umesahau kitu. Nimesema kila lita, wewe una mililita."

Msumari alitoa tusi dogo, akagawanya kwa elfu. "0.0025."

"Hizo zimo kwenye gramu kumi. Sufuria nzima ilikuwa kilo elfu moja na mia sita baada ya kuongezwa maji. Humo mna gramu kumi ngapi?"

Hii ilimchukua muda zaidi. Alizigeuza kilo kuwa gramu, akahesabu sifuri kwa ncha ya kidole, akagawanya kwa kumi. "Laki moja na elfu sitini." Akazidisha. "Moli mia nne."

"Mia nne kamili. Moli moja ya potashi ina uzito wa gramu hamsini na sita. Mia nne mara hamsini na sita ni gramu elfu ishirini na mbili na mia nne. Kilo 22.4. Kama walivyoandika wao."

Msumari aliutazama ubao kwa hasira, kana kwamba nao ulikuwa umenunuliwa. Hesabu ilikuwa sahihi, na mifuko nayo ilikuwa mitatu. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, ila pawe na kitu mahali fulani ambacho sicho.

"Niambie jambo," alisema. "Wanawake wa dobi nilipowahoji walisema sabuni ile haikumiminika. Waliichota kwa mikono kutoka kwenye pipa, ndiyo maana iliwaunguza mpaka viwiko. Na mchanganyaji anasema iliganda ilipopoa. Kostiki ikizidi, sabuni inaganda?"

Miwani aliyekuwa anatafuta miwani yake aliacha kutafuta.

"Iliganda?"

"Kama uji wa jana, anasema."

"Sabuni ya potashi haigandi hivyo, hata ukizidisha. Ndiyo maana inatumika kwa sabuni ya maji. Inayogandisha ni kostiki ya soda. Sabuni ya kipande, hii ya kufulia unayokata kwa kisu, ni ya soda." Aligeukia ubao, akaweka kidole kwenye lile hamsini na sita. "Dada, hii namba nimeizidisha kwa kuwa wao walisema ni potashi. Asidi yangu haijui potashi wala soda. Inahesabu mafungu tu."

"Na fungu la soda lina uzito gani?"

"Gramu arobaini."

"Iweje fungu ni moja na uzito ni tofauti?"

Miwani alionyesha juu ya friji, kwenye trei ya mayai aliyonunua asubuhi njiani. "Ile trei ina mayai thelathini. Ningenunua ya kware, yangekuwa thelathini vilevile. Ipi ingenivunja mkono?"

"Ya kuku."

"Soda ndiyo kware. Chembe yake ni nyepesi. Kilo kwa kilo, soda inakuwa na chembe nyingi zaidi."

Msumari alishuka kwenye kiti, akamnyang'anya chaki. "Mia nne mara arobaini. Elfu kumi na sita. Kilo elfu kumi na sita?"

"Gramu!" Miwani alicheka mpaka akashika sinki. "Kilo elfu kumi na sita angezileta kwa lori."

"Kilo kumi na sita." Msumari hakucheka. Alikuwa anaandika. "Fomula ilitaka potashi kilo hamsini na sita. Hizo ni moli ngapi? Gramu elfu hamsini na sita, gawanya kwa hamsini na sita. Moli elfu moja. Ndizo mafuta yanazohitaji. Moli elfu moja za soda ni kilo arobaini. Yeye alipima hamsini na sita. Hamsini na sita toa arobaini..."

Chaki ilikatika mkononi mwake. Aliandika kumi na sita kwa kipande kilichobaki, akaizungushia duara.

"Hakuzidisha hata kijiko," alisema. "Alipima sawasawa kitu ambacho sicho. Sasa nithibitishie kwamba ni soda. Hesabu peke yake watasema nimeipika."

Miwani alikuwa ameshawasha moto wa gesi. Alichoma kwanza potashi safi kutoka kabatini, wakautazama moto kwa kipande cha kioo cha bluu, ambacho huzuia ile njano kali ya soda. Moto ulionekana wa zambarau. Kisha akachoma majivu ya sabuni ya hospitali. Bila kioo moto uliwaka njano tupu. Kwa kioo, zambarau haikuwapo hata chembe.

"Andika," alisema Msumari, "na upige muhuri mkubwa kuliko wao."

* * *

Ofisini kwa Tajiri alimkuta mkuu wa kituo ameshatangulia, amekaa kwenye kochi, glasi ya maji baridi mkononi. Mkemia wa kiwanda, kijana mwenye tai na viatu vinavyong'aa, alikuwa amesimama kando ya meza. Tajiri alikuwa nyuma ya meza, na hakusimama.

"Bora umekuja," alisema Tajiri. "Tumalize haya mambo, yule mama arudi kwa watoto wake."

"Nina swali moja kwa mkemia wako." Msumari alitandaza ukurasa wenye muhuri wa kiwanda juu ya meza. "Kaka, hizi kilo 22.4 ulizipataje?"

"Kwa vipimo. Kulikuwa na moli mia nne zimezidi."

"Umefanya vizuri. Na mimi nimepata mia nne. Zidisha hapa mbele yangu."

Kijana alimtazama Tajiri, kisha akaandika. Mia nne mara hamsini na sita.

"Sasa zidisha mara arobaini."

Kalamu haikusogea.

"Kwa nini arobaini?" aliuliza kijana, kwa sauti ndogo.

"Wewe unajua kwa nini. Nakuuliza kwa ajili ya hawa wawili wasiojua."

"Afande, huyu askari wako anatupotezea muda," alisema Tajiri.

"Msumari, toka nje," alisema mkuu wa kituo.

"Sitoki. Nikitoka naenda moja kwa moja kwa hakimu na cheti cha maabara ya serikali, na nitamweleza kwamba nilikukuta hapa na glasi mkononi. Zidisha, kaka."

Mkuu wa kituo aliitua glasi taratibu. Kijana aliandika. Elfu kumi na sita. Akaweka nukta, akaigeuza kuwa kilo, na aliporudi kwenye ile hamsini na sita ya fomula mkono wake ukasimama. Jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Sema," Msumari alimwambia. "Mama Sufuria alimwaga nini kwenye sufuria?"

"Arobaini, hamsini, mnacheza bahati nasibu humu?" Tajiri alipiga meza. "Kostiki ni kostiki! Potashi ilikwisha kwa mwuzaji, soda ilikuwapo. Oda ya hospitali ingelala? Nilimwambia mtu wa stoo atoe kilo zilezile, hata gramu sikuongeza. Kilo ni kilo, jamani! Tangu lini kilo ya kitu kimoja ikazidi kilo ya kingine?"

Tajiri alitazama huku na huku, akaona nyuso za watu, na ndipo alipotambua alichokisema.

"Nilimwambia tuimwage," alisema mkemia wa kiwanda. Alikuwa anaongea na sakafu. "Ilipoganda nilijua ni soda. Nikamwambia bosi hii ni sumu, tuimwage. Akasema acha maneno yako, ongeza maji."

"Na hamsini na sita je? Hiyo nayo aliizidisha bosi?"

Kijana alifumba macho. "Hapana. Hiyo niliizidisha mimi."

"Ulikuwa unajua namba sahihi," Msumari alisema. "Yeye angalau ni mjinga. Wewe ulijua, ukachagua ile inayomfunga mama wa watu. Vaeni viatu vya kutembelea, wote wawili. Afande, pingu zangu ni jozi moja. Utaniazima zako?"

Mkuu wa kituo alinyanyuka, akazitoa.

* * *

Jioni, kabla kazi haijaisha, mkuu wa kituo alijaza mwenyewe hati ya kumwachia Mama Sufuria, akampa Msumari aipeleke. Hakumtazama machoni. Hati ilisema mtuhumiwa ameachiwa kwa upungufu wa ushahidi.

Mama Sufuria aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa mahabusu. Akaisoma tena. Kisha akarudi ndani na kuketi.

"Sisaini."

"Mama, umeachiwa," alisema askari wa zamu. "Mlango huo hapo."

"Nimesoma. Inasema ushahidi umepungua. Maana yake nilifanya, ila hamkunishika vizuri." Aligeuka kwa Msumari. "Ushahidi umepungua?"

"Haukupungua," alisema Msumari. "Umetosha na kubaki."

"Basi andikeni hivyo. La sivyo nalala hapahapa, na kesho nalala tena."

Kubadili hati iliyojazwa na mkuu wa kituo si kazi ya mpelelezi, na askari wa zamu alianza kulisema hilo. Msumari alikwisha chomoa kalamu mfukoni. Aliyakata yale maneno kwa mstari mmoja mnene, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: HAKUFANYA KOSA LILILODAIWA. KOSTIKI ALIYOPEWA SIYO YENYEWE, NA ALIIPIMA SAWASAWA. Akasaini jina lake lote, cheo na namba yake, ili atakayetaka kumpeleka getini asipate taabu ya kumtafuta.

Mama Sufuria alipokea hati. Safari hii aliisoma neno kwa neno, midomo ikitembea, halafu akachukua kalamu na kusaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Nataka na nakala."

"Nakala yako utapewa."

"Siyo yangu." Alijifunga kanga yake vizuri, akauelekea mlango. "Ya wifi. Bado ana jicho moja, nataka alitumie kuisoma hii."